Usingizi wa Rubani ni Amana ya Abiria

Alfajiri ya Jumamosi, Mei 22, 2010, ndege ya shirika la Air India Express iliyotoka Dubai ilikuwa inakaribia kutua katika mji wa Mangalore, kusini-magharibi mwa India. Ndani yake walikuwamo watu 166. Wengi wa abiria walikuwa wafanyakazi wa nchi za Ghuba na jamaa zao, watu waliokuwa wakirudi kwao baada ya miezi mingi ya jasho la ugenini. Uwanja wa Mangalore umejengwa juu ya kilima, na mwisho wa njia yake ya kurukia ni bonde. Ndege ile iligusa ardhi ikiwa imekwisha kupita zaidi ya nusu ya njia, ikashindwa kusimama, ikatumbukia bondeni na kuwaka moto. Watu 158 walipoteza maisha. Waliosalimika walikuwa 8 tu.

Wachunguzi waliposikiliza kinasa sauti cha chumba cha marubani, walikuta jambo ambalo si la kawaida kusikika katika mikanda ya ajali za ndege. Kwa muda wa zaidi ya saa moja na nusu ya safari ile hapakuwa na mazungumzo kutoka kwa rubani mkuu. Kulikuwa na sauti ya mtu akikoroma. Hakuwa mgeni wa kazi hiyo, kwani alikuwa amerusha ndege kwa zaidi ya saa 10,000. Usiku ule ule yeye na wenzake walikuwa wameipeleka ndege kutoka Mangalore hadi Dubai, kisha wakaigeuza kuirudisha mnamo saa 7 za usiku. Aliamka ndege ikiwa karibu kushuka, akaikuta iko juu mno kuliko inavyotakiwa, naye akang'ang'ania kutua. Rubani msaidizi alimwambia zaidi ya mara moja kwamba waachane na kutua na wapae tena. Hakumsikiliza.

Tume ya uchunguzi ilisema kwamba chanzo cha ajali kilikuwa ni rubani mkuu kutoahirisha kutua ilhali ndege haikuwa katika hali sahihi. Lakini ilitaja pia, miongoni mwa mambo yaliyochangia, usingizi ule mrefu na uzito wa akili unaomkumba mtu anayezinduka ghafla katika saa za alfajiri.

Ni wepesi kumlaumu mtu aliyelala kazini, na lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo, ndugu msomaji, lipo swali linalotangulia lawama: ni nani aliyepanga kwamba kazi hiyo ifanywe usiku kucha, kwa kwenda na kurudi, na ni kwa hesabu gani? Hapo ndipo tunapoingia katika madai ya marubani, ambayo watu wengi huyachukulia kuwa ni malalamiko ya watu wenye mishahara minono. Hoja ya makala haya ni kwamba mapumziko ya rubani si fadhila anayopewa na mwajiri wake, bali ni sehemu ya usalama ambao abiria amekwisha kuulipia katika tiketi yake.

Mwili haufuati ratiba

Mwanadamu ameumbwa na saa yake ya ndani. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi joto la mwili hushuka, macho huwa mazito, na akili huchelewa kupambanua mambo. Hali hii haiondoki kwa sababu mtu amevaa sare yenye mistari ya dhahabu mabegani. Kahawa huisogeza mbele kwa muda mfupi, kisha hurudi kudai deni lake.

Watafiti wa Australia, katika miaka ya 1990, walilinganisha watu walionyimwa usingizi na watu walionyweshwa pombe. Walikuta kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini kwa kiwango kinachokaribiana na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi humzuia dereva kushika usukani. Tofauti ni kwamba mlevi hunuka na huyumba, akatambulika mlangoni. Mchovu hupita mbele ya kila mtu akisalimia kwa adabu, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui amechoka kiasi gani, maana kipimo ambacho angekitumia kujipima ndicho kilichochoka.

Saa zisizohesabiwa

Chini ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kimataifa, kila nchi hutakiwa kuweka kanuni za muda wa kurusha ndege, muda wa kuwa kazini na muda wa kupumzika. Lakini idadi ya saa huamuliwa na nchi yenyewe, na hapo ndipo mvutano baina ya waajiri na marubani unapoanzia.

Muda wa kurusha ndege huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea mpaka inaposimama. Kabla ya hapo rubani amekwisha kufika uwanjani saa moja au zaidi, amesoma taarifa za hali ya hewa, amekagua mafuta na uzito, amezunguka ndege kuitazama. Ndege ikichelewa kwa sababu ya mvua au hitilafu, yeye hubaki amekaa humo humo. Katika mashirika mengi malipo hufuata zaidi saa za ndege kutembea, na saa nyingine zote humezwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa macho saa 14, na karatasi ikaonesha kwamba amerusha ndege saa 6.

Kuna pia safari ya kutoka nyumbani hadi kazini, ambayo haiandikwi popote. Mfano wake mchungu ulitokea Marekani. Usiku wa Februari 12, 2009, ndege ndogo ya abiria iliyoendeshwa na shirika la Colgan Air, ikitoka Newark kwenda Buffalo, ilianguka juu ya nyumba karibu na mwisho wa safari yake. Walikufa watu wote 49 waliokuwamo ndani pamoja na mtu mmoja aliyekuwa katika nyumba ile. Uchunguzi ulionesha kwamba rubani mkuu alikosea namna ya kuitikia onyo kwamba ndege imepunguza mwendo kupita kiasi. Lakini ulionesha pia maisha yaliyokuwa nyuma ya sare. Rubani msaidizi, mwanamke wa miaka 24, alikuwa anaishi na wazazi wake karibu na Seattle, upande wa pili wa Marekani, na usiku wa kuamkia siku ile alivuka nchi nzima akiwa abiria katika ndege za mizigo ili aifikie zamu yake. Rubani mkuu alikuwa amelala katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi uwanjani, mahali ambapo hapakukusudiwa kuwa pa kulala usiku. Wachunguzi walisema kwamba huenda uchovu uliwapunguzia uwezo wote wawili, ingawa hawakuweza kupima ni kwa kiasi gani.

Nani angelala kitini uwanjani kama kipato chake kingemtosha kupanga chumba? Swali hilo lilizungumzwa katika vikao vya uchunguzi, mbele ya taifa lililokuwa likidhani kwamba kila rubani ni tajiri.

Heshima ya kazi inaposhuka

Siku 12 baada ya ajali hiyo, rubani Chesley Sullenberger alifika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Dunia nzima ilikuwa ikimjua kwa kuwa mwezi uliotangulia aliituliza juu ya maji ya mto Hudson, jijini New York, ndege iliyopoteza injini zote mbili baada ya kugongana na ndege wa angani, na watu wote 155 wakatoka wakiwa hai. Wabunge walimpongeza. Yeye aliitumia nafasi ile kuwaeleza kwamba mshahara wake ulikuwa umekatwa kwa asilimia 40, kwamba pensheni aliyoahidiwa ilifutwa na badala yake akapewa dhamana ya thamani ndogo, na kwamba hakuwa anamfahamu rubani yeyote wa kulipwa aliyetamani watoto wake wafuate kazi hiyo.

Maneno hayo yalikuwa na uzito kwa sababu hayakutoka kwa mtu aliyeshindwa kazi. Alikuwa anaeleza kwamba uzoefu ule uliowaokoa watu 155 ulijengwa kwa miaka mingi, na kwamba kazi isiyomtunza mwenye uzoefu humfukuza, akabaki abiria na yule asiyekuwa na pengine pa kwenda.

Familia za waliokufa katika ajali ya Colgan hazikurudi nyumbani kulia tu. Zilikwenda Washington mara kwa mara, zikakaa katika vikao, zikawashika wabunge mikono. Mwaka 2010 sheria mpya ilipitishwa. Kutokana nayo, marubani wa abiria walitakiwa kwa kawaida kuwa na saa 1,500 za kurusha ndege kabla ya kuajiriwa na mashirika hayo, na kuanzia Januari 2014 walipata haki ya mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, yenye nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Marubani wa ndege za mizigo waliachwa nje ya kanuni hiyo, kwa hoja ya gharama. Hoja hiyo ina ukakasi wake, kwani kichwa cha rubani wa mizigo huchoka kama cha mwenzake, na ndege yake hupita juu ya paa zile zile.

Kanuni bila watu

Turudi India, maana miaka 15 baada ya msiba wa Mangalore nchi hiyo imetoa somo jingine. Marubani wake walidai kwa muda mrefu kanuni mpya za mapumziko, na mamlaka ya usafiri wa anga ikazitangaza mwanzoni mwa mwaka 2024. Mapumziko ya juma yalipandishwa kutoka saa 36 hadi saa 48, na idadi ya kutua usiku ikashushwa kutoka 6 hadi 2. Mashirika yalilalamika, utekelezaji ukaahirishwa, shauri likafika mahakamani Delhi, na hatimaye kanuni zikaanza kutumika kwa awamu mbili, ya pili ikiwa Novemba 1, 2025.

Mwezi uliofuata yakatokea yaliyotokea. Shirika la IndiGo, linalobeba zaidi ya nusu ya abiria wa safari za ndani za India, lilijikuta halina marubani wa kutosha kuendesha ratiba lililoiuza. Safari zikafutwa kwa mamia, na siku moja, Desemba 5, zikapita 1,000. Watu walilala sakafuni katika viwanja vya ndege. Harusi zikakosa wageni na wagonjwa wakakosa miadi ya hospitali. Serikali ililipa shirika hilo nafuu ya muda katika sehemu ya kanuni zile, na vyama vya marubani vikapinga vikali, vikisema kwamba shirika lilikuwa na muda mrefu wa kujiandaa na halikuajiri.

Wako waliosema kwamba kanuni za mapumziko ndizo zilizoleta taharuki ile. Kwa mtazamo wetu, kanuni ziliufichua tu upungufu uliokuwapo. Ratiba iliyowezekana kwa kuwabana marubani usingizi ilikuwa imesimama juu ya mkopo, na siku mkopo ulipodaiwa, abiria ndiye aliyelipa. Mwenye duka anayeuza mchele ambao hauko ghalani hawezi kuilaumu mizani.

Mgomo wa Nairobi

Sisi wa Afrika Mashariki tunayo kumbukumbu yetu. Novemba 5, 2022, marubani wa Kenya Airways, chini ya chama chao cha KALPA, waligoma. Madai yao makubwa yalihusu michango ya mwajiri katika mfuko wao wa akiba iliyosimamishwa, na mishahara iliyozuiliwa katika kipindi cha ugonjwa wa korona. Safari nyingi zilifutwa, na maelfu ya wasafiri wakakwama Nairobi na kwingineko, wakiwamo watu wa mataifa jirani waliokuwa wanaunganisha safari zao. Mahakama inayoshughulikia masuala ya ajira iliwaamuru warudi kazini, nao wakarejea Novemba 9.

Uadilifu unatutaka tuusikilize upande wa pili pia. Shirika lilikuwa limepata hasara kwa miaka mingi mfululizo, na Serikali ya Kenya, yenye karibu nusu ya hisa zake, ilikuwa ikilibeba kwa fedha za walipa kodi, ambao wengi wao hawajawahi kupanda ndege. Aliyekwama uwanjani na mtoto mgonjwa hakuwa amekosana na mtu. Mgomo ni silaha yenye makali pande mbili, na mwenye kuishika ana wajibu wa kujiuliza inamkata nani.

Pamoja na hayo, tusisahau mlolongo wa mambo. Akiba ya uzeeni ni ujira ambao mfanyakazi amekubali kuuchelewesha. Kuisimamisha ni kuuzuia ujira wa mtu aliyekwisha kufanya kazi. Na ugonjwa ulipopita, ndege zikajaa tena, aliyevumilia wakati wa dhiki alitarajia kukumbukwa wakati wa faraja. Mazungumzo yaliyofanyika baada ya mgomo yangeweza kufanyika kabla yake, na gharama ya kuchelewa ikawaangukia watu wasiohusika.

Nyumbani kwa rubani

Kazi hii huingia mpaka sebuleni. Mke au mume wa rubani huizoea ratiba inayobadilika kwa ujumbe wa simu. Sikukuu huja na kupita baba yuko katika hoteli ya nchi nyingine. Akirudi asubuhi anahitaji kulala, na watoto wanahitaji kumwona. Nyumba yenye busara hujifunza kufunga mapazia, kunyamazisha redio na kumwacha apumzike kabla ya kumpa orodha ya mambo yaliyomsubiri. Wale waliofunga ndoa na manesi, madereva wa magari makubwa na walinzi wa usiku wanaijua hali hii bila kufundishwa.

Kwa rubani Mwislamu kuna pia suala la Ramadhani. Mwaka 2024 shirika la ndege la Pakistani, PIA, liliwaagiza marubani na wahudumu wake wasifunge wakiwa kazini angani, kwa kuhofia upungufu wa maji mwilini na kulegea kwa umakini. Wako waliolipokea agizo hilo kwa uzito moyoni. Lakini ruhusa ya msafiri kula na kulipa siku zake baadaye ni ya zamani kuliko ndege, na mtu aliyebeba roho za watu zaidi ya 100 mgongoni mwake ana sababu ya ziada ya kuitumia. Kuitumia ruhusa hiyo si udhaifu wa imani.

Jambo la mwisho katika mlango huu ni afya, hasa ya moyo na akili. Leseni ya rubani haina nguvu bila cheti cha daktari, na cheti hicho hupimwa upya kila mwaka, na kwa wenye umri mkubwa kila miezi 6. Anayekiri kwamba halali vizuri, au kwamba huzuni imemzidi, anajua kwamba huenda anaweka riziki ya watoto wake mezani. Machi 24, 2015, rubani msaidizi wa Germanwings, aliyemficha mwajiri wake ugonjwa, aliiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Alpi nchini Ufaransa, wakafa watu 150. Tukio kama hilo ni nadra sana, wala maradhi ya akili hayamfanyi mtu kuwa muuaji. Somo lake ni jembamba zaidi, nalo ni kwamba mfumo unaomwadhibu mkweli humfundisha kila mtu kunyamaza.

Linalotupasa

Mamlaka za usafiri wa anga katika nchi zetu zina wajibu wa kuhakikisha kwamba kanuni za mapumziko haziishii katika karatasi, bali zinakaguliwa kwa kulinganisha ratiba iliyopangwa na safari zilizofanyika kweli. Mashirika, makubwa kwa madogo, yanapaswa kuajiri kwanza ndipo yauze safari, na kumpokea bila adhabu rubani anayesema kabla ya kuruka kwamba leo amechoka. Rubani anayesema hivyo amelipunguzia shirika lake hatari, hata kama amelitia hasara ya siku moja. Nao marubani wana deni lao: muda wa mapumziko wanaopewa wautumie kupumzika, wasiufanye wa biashara na mikesha, kisha waje kazini na deni la usingizi wakilitupia kampuni.

Abiria naye asijitoe. Safari nyingi baina ya pwani yetu na nchi za Ghuba hufanyika usiku, na ndizo zinazobeba watoto wetu wanaokwenda kutafuta riziki. Siku tutakapoambiwa kwamba safari imeahirishwa kwa kuwa marubani wamefikisha ukomo wa saa zao, tutakuwa na haki ya kudai chakula, mahali pa kulala na maelezo ya kweli. Hatutakuwa na haki ya kudai kwamba mtu aliyechoka apandishwe kitini ili sisi tuwahi. Atakayetuchelewesha kwa saa kadhaa kwa ajili hiyo atakuwa ametutendea wema, hata kama hatutamshukuru.